Ukienda kufundisha Kiingereza Asia, anza na yaliyogunduliwa hukohuko

Kuanzia Februari hadi Aprili, kabla shule za Thailand hazijafungua muhula wa kwanza katikati ya Mei, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaotaka kuja kufundisha Kiingereza. Mshahara ni kiasi gani? Viza inapatikanaje? Chumba ni bei gani? Ni maswali ya haki na huwa nayajibu. Ila ni nadra mtu kuniuliza kuhusu jambo litakalomkabili asubuhi ya kwanza kabisa: nitafanya nini na wanafunzi arobaini na tano wanaosimama, wanaitikia salamu kwa sauti moja, halafu wanakaa na kunyamaza?

Ya karatasi niyamalize haraka. Usikubali wakala akulete kwa viza ya utalii ukaanze kazi huku akikuahidi kwamba mengine yatafuata. Viza ya kazi na kibali cha kazi ni vitu viwili tofauti, vidai vyote. Uwe na shahada. Kwa kuwa pasipoti yako si ya nchi zinazohesabiwa kuwa za wazawa wa Kiingereza, utaombwa cheti cha mtihani wa lugha; alama 600 za TOEIC ndicho kiwango kinachotajwa mara nyingi. Kipate kabla hujakata tiketi.

Sasa tuingie darasani.

Nilifundisha sekondari ya kata huko Mwanza kabla ya kuja Khon Kaen, kaskazini-mashariki mwa Thailand, ukanda unaoitwa Isan. Mtoto wa Isan nyumbani huzungumza lugha ya jamii ya Kilao, shuleni hufundishwa kwa Kithai sanifu, na Kiingereza kinamjia kama lugha ya tatu ambayo haisikii popote kengele ya mwisho ikishalia. Wewe uliyewafundisha watoto wanaoongea Kisukuma nyumbani, wakasoma msingi kwa Kiswahili, kisha wakakutana na Kiingereza cha kufundishiwa kidato cha kwanza, unalijua darasa hilo. Mwajiri akikuambia huna uzoefu wa Asia, mweleze hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Ila uzoefu wa nyumbani peke yake hautoshi. Kuna takribani miaka mia moja ya utafiti wa kufundisha Kiingereza uliofanyika Asia yenyewe, katika madarasa ya ubao, chaki na watoto wengi. Walimu wageni wengi hufika bila kuujua. Hufika na cheti cha kozi ya wiki nne, kozi iliyotungwa kwa kufikiria watu wazima kumi na wawili waliokaa nusu duara na kulipa ada yao wenyewe. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usijenge andalio la somo lako juu ya kozi hiyo pekee. Tafuta waliyoyaona walimu wa huku.

Anza na ule ukimya. Wageni wengi huhitimisha kwamba watoto wa Asia wana aibu kwa asili, au kwamba utamaduni unawakataza kusema. Mwaka 1996 Amy Tsui, mtafiti wa elimu wa Hong Kong, alichapisha kazi iliyotokana na walimu wa sekondari waliorekodi masomo yao wenyewe na kuyachunguza. Sababu zilizojitokeza zilikuwa za kawaida sana: mwanafunzi anaogopa kukosea na kuchekwa, hakuelewa swali, mwalimu anawaita walewale wachache kila siku. Na moja ambayo ningependa kila mwalimu aibandike mezani: mwalimu mwenyewe havumilii kimya. Anauliza swali, sekunde mbili zinapita, analijibu yeye au anahamia kwa mwingine.

Kwa hiyo mimi siulizi swali la ana kwa ana mbele ya darasa mpaka kila mmoja awe ameandika kitu. Nauliza, wanaandika sentensi moja kwenye daftari, wanasomeana wawili wawili, ndipo nachagua mtu. Atakachosema mbele ya wenzake keshakisema kwa jirani yake, na jirani hakucheka. Sauti zinaanza kutoka. Haichukui vifaa vyovyote, na darasa la watu hamsini linaweza kufanya hivyo bila kusogeza dawati hata moja. Usimlazimishe mtoto wa Isan asimame peke yake ajibu papo hapo wiki ya kwanza. Akidhalilika mbele ya wenzake, utamngoja muda mrefu kabla hajathubutu tena.

Mtu ambaye kazi yake imenisaidia kuliko yeyote ni N. S. Prabhu, mtaalamu wa India wa kufundisha Kiingereza. Kati ya mwaka 1979 na 1984, akiwa British Council, shirika la Uingereza la elimu na utamaduni, mjini Madras (sasa Chennai), yeye na walimu wa shule za kawaida kusini mwa India walijaribu mradi uliokuja kujulikana kwa jina la Bangalore. Wazo lake lilikuwa kwamba mwanafunzi huishika sarufi vizuri zaidi akili yake inapokuwa imezama kwenye maana, anapotafuta jibu la jambo fulani kwa kutumia lugha. Basi mtaala wao haukupangwa kwa nyakati za vitenzi wala orodha za maneno. Ulipangwa kwa kazi za kufikiri: kusoma ratiba ya treni, kutafuta njia kwenye ramani, kukokotoa nauli, kupanga ratiba ya mtu kutokana na maelezo yake.

Uzuri wa mradi ule kwa mwalimu wetu ni kwamba haukudai makundi yanayozunguka darasani wala mashine ya kurudufu. Kila kazi ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza mwalimu anaifanya kazi inayofanana nayo pamoja na darasa zima, kwa maswali na majibu, ubaoni, kwa lugha ya kawaida. Kisha kila mwanafunzi anafanya ya kwake peke yake, na mwalimu anasahihisha akiangalia kama jibu ni sahihi, si kama sentensi ni nzuri.

Hivi ndivyo ninavyoitumia. Reli inayotoka Bangkok kwenda Nong Khai, mpakani na Laos, inapita Khon Kaen. Naandika ubaoni ratiba fupi ya kubuni ya treni tatu. Nauliza kwa Kiingereza: treni ipi inafika mapema zaidi? Ipi inatumia muda mrefu? Mtu anayetaka kuwa Nong Khai kabla ya saa sita mchana apande ipi? Tunajibizana, naandika maneno yanayojitokeza. Halafu nawapa ratiba nyingine na maswali ya aina hiyohiyo, kila mtu na daftari lake. Darasa linatulia kwa namna tofauti kabisa na ule ukimya wa mwanzo, maana sasa wanahesabu, wanafuta, wanamchungulia jirani. Vilinganishi vya sarufi, kama *earlier* na *longer*, vimetumika kwa wingi na sijavitaja hata kwa jina.

Prabhu aliweka pia kipimo ambacho nakifuata: kazi inafaa ikiwa angalau nusu ya darasa wanapata angalau nusu ya majibu. Chini ya hapo, somo linalofuata lishushe. Wakipata karibu wote karibu yote, lipandishe. Ni kipimo chepesi cha kuandikia azimio la kazi, na mwalimu wa taaluma akikuuliza kwa nini umerudia mada, una jibu la kumpa. Nikiri kwamba tathmini iliyochapishwa mwaka 1985 na Alan Beretta na Alan Davies haikuupa mradi ushindi wa moja kwa moja. Wanafunzi wa mradi walifanya vizuri katika mitihani iliyofanana na kazi zao, na wale wa madarasa ya kawaida walikuwa mbele katika mtihani wa miundo ya sarufi. Kwangu hilo ni onyo la kuheshimu kazi ya mwalimu wa sarufi, nitalirudia.

Wa pili ni Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefanya kazi Dhaka, ambayo sasa iko Bangladesh, wakati Bengal ikiwa chini ya Waingereza. Mwaka 1926 alichapisha utafiti uliouliza swali ambalo hata leo linanigusa moyoni: mtoto akiacha masomo kabla ya mwisho, anaondoka na nini mkononi? Aliona watoto wengi wa Bengal wakiacha shule mapema, na Kiingereza walichofundishwa nusunusu hakikuwafaa kitu. Akahitimisha kwamba kusoma ndiko kunakolipa hata kama mtu ameishia njiani, maana anayeweza kusoma kidogo anaweza kuendelea mwenyewe. Akaanza kuandika upya hadithi kwa maneno machache, kila neno jipya likijitokeza mara nyingi kabla ya jingine kuingia.

Elimu ya lazima Thailand ni miaka tisa. Baada ya hapo baadhi ya wanafunzi wangu wanakwenda vyuo vya ufundi, wengine kazini. Nikimwangalia kijana wa miaka kumi na mitano aliyebakiza muhula mmoja, najiuliza swali la West. Ndiyo maana kila kipindi changu kinaanza kwa dakika kumi za kusoma kimya kutoka kwenye sanduku la vijitabu. Vingine ni vya kununua. Vingi ni kurasa mbili tulizoandika na mwalimu mwenzangu wa Kithai kuhusu mambo ya hapa: sherehe ya kurusha roketi za kuombea mvua, Bun Bang Fai, au vinyago vya Phi Ta Khon kule Loei. Hakuna maswali ya ufahamu mwishoni. Kule Fiji, mwaka 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vipatavyo 250 kwa kila darasa katika shule za vijijini, na watoto wale wakakua katika kusoma kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya wenzao. Singapore nayo ilianzisha mpango wa namna hiyo katika madarasa ya chini mwaka 1985. Huna vitabu 250? Anza na ishirini na uandike vyako.

Kwenye matamshi, hapa ndipo Mswahili anapohitaji kusikiliza kwa sikio jipya. Silabi ya Kithai inaweza kufungwa na konsonanti chache tu, na zile za kupasuka hazitolewi hewa. Kwa hiyo *like*, *light* na *life* vyote hutoka kinywani karibu sawa, na *school* huishia kwa n. Sisi tuna tabia ya kinyume: tunaongeza irabu mwishoni, ndiyo maana Zanzibar wanakwenda skuli. Mwanafunzi wako akisema bila *-s* au *-ed*, usikimbilie kuandika kwamba hajui sarufi. Mpe aandike. Ikiwa kwenye daftari ipo, tatizo ni la kinywa. Ikiwa haipo, kumbuka kwamba kitenzi cha Kithai hakibadiliki kwa wakati, na ufundishe kuanzia hapo. Walimu wanaochanganya mambo haya mawili wanawaumiza watoto bure. Kwa tatizo la kinywa, mimi huanza na sikio: natamka maneno mawili, wanainua kidole kimoja wakisikia ni yaleyale, viwili wakisikia ni tofauti. Kutamka kunakuja baadaye.

Kuhusu lugha yao: usipige marufuku Kithai wala lugha ya nyumbani. Mtafiti Suresh Canagarajah alipofanya utafiti Jaffna, Sri Lanka, wakati wa vita, alikuta pembezoni mwa kurasa za kitabu cha Kimarekani cha kufundishia Kiingereza wanafunzi wamejaza michoro na maneno yao ya Kitamili. Masomo rasmi yalikuwa katikati ya ukurasa na maisha yao yalikuwa pembeni. Tangu nisome hilo, huwa natembea katikati ya madawati nikitazama pembezoni. Humo ndimo napata mada za kazi zangu.

Utakutana pia na mzazi au mkuu wa shule anayetaka sura ya Kizungu mbele ya darasa. Litakuuma. Elewa kwamba hauko peke yako. Wafilipino ni wengi katika shule za Thailand na wanalipitia hilo kila mwaka. Mkataba wa ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-mashariki mwa Asia, unasema kwenye kifungu cha 34 kwamba lugha ya kazi ya jumuiya hiyo ni Kiingereza, maana yake mwanafunzi wako akikua ataongea Kiingereza zaidi na Mvietinamu na Mwindonesia kuliko na Mwingereza. Hata kamusi ya Oxford tuliyoibeba sekondari ilianzia huku: A. S. Hornby na wenzake waliiandaa Japani kwa ajili ya wanafunzi wa Kijapani, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa kwao mwaka 1948. Mwalimu aliyejifunza Kiingereza ukubwani kidogo, darasani, kwa kamusi hiyo, ana jambo la kumweleza mtoto anayejifunza vilevile. Sema hivyo kwenye usaili, kwa heshima, na ueleze kazi ya ratiba ya treni utakavyoifundisha.

Mwisho, mwalimu wa Kithai mtakayegawana naye somo. Japani imekuwa ikiweka walimu wawili, mwenyeji na mgeni, katika darasa moja kupitia JET, mpango wa serikali wa kuajiri vijana wa kigeni, tangu mwaka 1987, na malalamiko ya wageni wengi ni kwamba walitumiwa kusomea darasa kwa sauti tu, kama kaseti. Hilo hutokea pale ambapo hakuna aliyekaa na mwenzake kabla ya muhula. Yeye anabeba mzigo wa mtihani wa kuingia chuo kikuu, na sarufi anayoifundisha kwa Kithai ndiyo ile ambayo kazi za Prabhu haziifikishi yote. Wiki ya kwanza mwamkie vizuri kwa viganja vilivyokutana, umwite Khru, yaani mwalimu, umwombe akuonyeshe mtihani wa mwaka uliopita. Nawe mpe kazi tatu za kwanza ulizoandaa, mzipitie pamoja mkiweka alama kila mahali ambapo muundo wa mtihani umeingia ndani ya kazi, mkubaliane nani ataufafanua, siku gani, na kwa lugha gani.