Jibu: Kwa nini shule ya parokia ikawa ya serikali

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini shule ya msingi iliyo ubavuni mwa kanisa lenu ni ya serikali. Ni mambo ya miaka ya 1970. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa serikali ya Tanzania. Mama yangu alikuwa darasa la nne: kengele ilibaki ileile, rimu ya gari iliyoning'inia mwembeni, na masista waliendelea kufundisha. 1973 ada ikafutwa. 1977 ikaja UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mdogo wake akaanza la kwanza wakibanana wanne dawati moja, wakifundishwa na kijana aliyemaliza la saba. Walimu wale nawaheshimu mno. Walibeba mzigo mkubwa.