Msaiprasi wa kwenye ndoo kukauka kuanzia ndani

Dada, msaiprasi wako hapo Moshi unakauka ndani huku ncha zikiwa kijani, nawe unamwagilia kila siku. Kwanza panua matawi utazame karibu na shina. Ukiona vidukari (wadudu wadogo wafyonza utomvu) vya kahawia, majimaji yanayonata na ukungu mweusi kama masizi, chanzo ni hicho: mate yao huua vitawi. Nyunyiza jioni lita 1 ya maji yenye kijiko 1 cha chai cha sabuni ya vyombo, urudie baada ya siku 5.

Kuhusu maji, chomeka kidole hadi pingili ya pili. Pakiwa na unyevu, acha. Ndoo isiyotobolewa chini huozesha mizizi. Na tafadhali, usikate hadi kwenye tawi lisilo na majani mabichi, hapo halichipui tena.