Kijito cha Aprili na mashine ya kusaga

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina mashine ya kusaga hapa Rungwe, inaendeshwa na injini ya dizeli, na bei ya mafuta inanimaliza. Nyuma ya migomba yangu kuna kijito. Aprili nilipima poromoko lake, yaani kimo ambacho maji yanashuka, nikapata mita 25. Kitazungusha mota ya kilowati 15? Wenzangu wanasema nisubiri umeme wa nyuklia, kwa kuwa urani ipo Namtumbo.

JIBU: Ugonile, ndugu yangu. Urani ipo kweli, lakini kutoka machimbo hadi umeme wa nyuklia ni miaka mingi, na wateja wako wana debe la mahindi kichwani leo. Tuongelee kijito.

Mita 25 si haba. Ila hukuniambia maji ni kiasi gani. Poromoko halibadiliki, maji ya Aprili kwenu huko, mvua ikiwa inapiga kila siku, yanadanganya. Pima Oktoba. Chagua sehemu iliyonyooka ya mita 10, tupia chungwa, hesabu sekunde. (Chungwa huzama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi.)

Tuseme upana ni mita 1.2, kina cha wastani sentimita 15, chungwa limetumia sekunde 20. Zidisha upana, kina na kasi (mita 10 kwa sekunde 20): hapo ni lita 90 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.7, maana maji ya chini na ya kingoni huenda polepole: lita 63. Usichukue zote, kuna majirani huko chini. Chukua 40.

Sasa 9.81 (mvutano wa dunia) × lita 40 × mita 25 ni wati 9,810. Baada ya bomba, turbaini (gurudumu linalozungushwa na maji) na jenereta, unabaki na nusu hivi, yaani kilowati 5. Mota yako haitoki hapo. Lakini turbaini ikizungusha kinu kidogo moja kwa moja kwa mkanda, kama injini yako inavyofanya sasa, utapata karibu kilowati 6. Mchana usage, usiku uwashe taa.

Kabla ya kununua hata bomba moja, omba kibali cha kutumia maji Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa. Kumbuka pia sheria ya mazingira ya 2004 na zile mita 60 za kando ya mto zinazolindwa dhidi ya shughuli za kuharibu mazingira. Usianze kumwaga zege kabla ya kuwauliza.

Oktoba nitumie namba tatu: upana, kina, sekunde.