Uliza Shangazi: Bia ya pili nipike ipi?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi friji, naishi Tabata. Mwezi uliopita nilipika bia yangu ya kwanza nyumbani, kwa kopo la kimea alilonibebea shemeji kutoka Johannesburg. Ilinyweka, ila ilinukia ndizi mbivu na ilichoma kooni. Nimebaki na kopo la pili, kilo moja na nusu, halina hopi ndani, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Mimi nataka laga kama ya baa, mke wangu anataka stauti, ile bia nyeusi, jirani ananiambia nipike IPA, ile chungu wanayokunywa Masaki. Nishike lipi? Na je, naweza kuwauzia mafundi wenzangu chupa mbili tatu?

Fundi wa Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu. Ndoo yako uliiweka stoo, chini ya bati, sivyo? Chachu nyingi za ale, yaani bia zisizohitaji baridi kali kama laga, hutaka nyuzi 18 hadi 22. Tabata mwezi huu wa Februari mchana unafika 32, na humo stoo ni zaidi. Tena chachu ikishaanza kazi inajiongezea joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani ya ndoo kunakuwa na moto kuliko chumbani. Ile ndizi ni harufu ambayo chachu huitoa ikipata joto, na kule kuchoma ni pombe nzito inayotokana na joto hilohilo. Kwetu Kibosho bia ikinukia ndizi hakuna anayelalamika, maana mbege ni ndizi yenyewe. Ila wewe hukuwa unapika mbege.

Basi usianze na jina la bia. Anza na chachu inayoliweza joto la nyumba yako, ndiyo itakayokuambia upike nini.

Kwa hiyo laga tuiweke kando. Chachu yake hutaka nyuzi 8 hadi 13, kisha bia ilazwe wiki kadhaa karibu na sifuri. Wenye laga yao wenyewe walilijua hilo: mwaka 1553 mtawala wa Bavaria, huko Ujerumani, alipiga marufuku kupika bia kuanzia 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa sababu bia za kiangazi zilikuwa zinaharibika. Najua utaniambia wewe ni fundi friji. Sawa, friji ipi? Hiyo yenye samaki wa mkeo? Siku ukipata friji mbovu ambayo mwenyewe hakuirudia, ukaifufua na kuifunga kidhibiti joto, niandikie tena.

IPA nayo ni gharama bila faida. Inakula hopi nyingi, na hopi zikishakaa kwenye joto la safari hupoteza harufu, ambayo ndiyo uliyoilipia.

Stauti ya mkeo ina akili. Shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi huficha kasoro ndogondogo za anayejifunza. Ila ingoje kipupwe, Julai, usiku unaposhuka hadi nyuzi 19 au 20. Ndoo ikae ndani ya beseni la maji, uwe unatumbukiza chupa za barafu asubuhi na jioni. Wale wanaokwambia uiviringishie taulo bichi wamesoma ushauri wa nchi zenye hewa kavu. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, taulo halipoi kiasi cha kukusaidia.

Kwa sasa pika sezoni, kwenye pakiti ya chachu utaona imeandikwa Saison. Ni bia ya mashambani kusini mwa Ubelgiji, kavu mdomoni, ina povu jingi na harufu kama ya pilipili manga. Chachu yake inafanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 30. Kopo lako linatosha lita 10. Koroga kimea kwenye maji moto jiko likiwa limezimwa, kisije kikaungua chini ya sufuria. Washa, kichemke, tia gramu 25 za hopi za Saaz na uache saa nzima. Dakika tano za mwisho ongeza gramu 10 nyingine na gramu 200 za sukari ya kawaida. Poza sufuria kwenye beseni la barafu mpaka nyuzi 28 ndipo utie chachu. Maji ya kisima yenye chumvi usiyatumie, na ya bomba yachemshe kwanza, klorini itoke, la sivyo bia itanukia kama plasta ya hospitali.

Ukikosa chachu hiyo, tafuta kveik ya Voss, chachu ya kienyeji ya Norwei. Hiyo hata nyuzi 38 haiiogopi, na inaacha harufu ya chungwa.

Pa kuangalia sana ni kwenye kufunga chupa. Chachu nyingi za sezoni hazijui kushiba. Zinaendelea kula sukari ambazo chachu nyingine huziacha, polepole, wakati wewe unadhani zimemaliza. Ukifunga mapema, chupa inapasuka. Iache ndoo wiki tatu, kisha pima kwa haidromita, kipimo kinachoelea na kukuonyesha sukari iliyobaki; maji matupu husoma 1.000. Namba isiposogea siku tatu mfululizo, na iwe chini, karibu na 1.005, hapo funga. Sukari ya gesi, ile unayotia wakati wa kufunga ili bia ipate povu, ni gramu 6 au 7 kwa lita. Katika chupa hizo, moja iwe ya plastiki ya soda. Iminye kila asubuhi. Ikishakuwa ngumu kama jiwe, gesi imetosha, zote ziingie kwenye friji, na samaki wa mkeo wasogezwe kidogo.

Kuuza hapana. Biashara ya pombe inataka leseni, hata ya chupa mbili. Wagawie bure hao mafundi, halafu wakati wao wa kukutafutia friji mbovu utafika.