Kilomita 400 za kwenye dashibodi usizitegemee

Ndugu, unauliza kama gari lako la umeme linaloonyesha kilomita 400 litamaliza safari ya kilomita 350 bila kuchaji njiani. Mimi nisingethubutu. Ukikimbia 120 kwa saa, upepo unakula betri vibaya. Baridi na milima ndiyo usiseme. Simama ukiwa bado na asilimia 20 hivi, maana chaja ya kwanza unaweza kuikuta mbovu au ina foleni. Ikifika asilimia 80 chomoa uondoke, kwa sababu kuanzia hapo umeme huingia polepole mno. Halafu hakikisha mapema kwamba plagi za njia hiyo zinaingia kwenye gari lako. Niliwahi kusimama mbele ya chaja nzima kabisa, waya mkononi, tundu halifanani!