Jibu: Kupima serotonini kwenye damu kabla ya kuanza dawa ya sonona

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, unauliza mbona daktari amekuandikia dawa ya sonona inayopandisha serotonini (kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo) bila kukupima kwanza kama imepungua. Na mimi nilimuuliza wangu hivyohivyo nilipoanzishiwa dawa. Iko hivi, karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili inatengenezwa kwenye utumbo na ile iliyoko kwenye damu haivuki kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo hata ukipima namba utakayopewa haikuambii kitu kuhusu ubongo wako, hela yako usiipeleke huko. Halafu dawa inapandisha serotonini ndani ya saa chache tu ila nafuu inakuja baada ya wiki kadhaa, ndio maana watafiti wengi hawaridhiki tena na ile hoja kwamba sonona ni serotonini tu "imepungua, ongeza".

Anza na kipimo cha tezi ya shingo (thyroid). Homoni yake ikishuka inaleta uchovu na huzuni unaweza kudhani ni sonona kabisa, mimi ndicho nilichopimwa kwanza. Na kama umewahi kuwa na siku umechangamka kupita kiasi, hulali na wala huchoki, mwambie daktari kabla hujameza kidonge maana inaweza kuwa bipola (ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana), na dawa hizi zikitumika peke yake zinaweza kukupandisha zaidi. Kama ulishaanza usiache ghafla tafadhali, rudi kwake kwanza.