Sebenza: unalipia nini hasa?

Ndugu, umeuliza kama kisu cha kukunja cha Sebenza, cha mtengeneza visu Chris Reeve, kinastahili zaidi ya dola 400 wakati cha dola 50 nacho kinakata. Kukata kinakata, hapo hulipii makali. Unalipia mpini wa titani na kufuli lake: kipande cha mpini wenyewe hujibana nyuma ya bapa lisijifunge, ubunifu wa Reeve ulioigwa na wengi. Kifungue, tikisa bapa juu-chini, kushoto-kulia, likicheza, kirudishe. Kikifungwa, bapa likae katikati kabisa. Nakshi za mpini? Hizo hazikati hata kitunguu. Jina lenyewe latokana na Kizulu, “fanya kazi”. Mimi ningetafuta kilichokwisha tumika, mradi mwenyewe wa kwanza hakukinoa ovyo.